Gari la umeme linapokataa kuingia gia: hatua za kufuata kabla ya kumwita fundi

Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika katika wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, ambazo awali zilitegemea majenereta ya dizeli. Hatua hiyo imewezesha wakazi kufikiria matumizi mapya ya nishati hiyo, yakiwemo magari ya umeme. Magari hayo bado ni machache nchini, na baadhi huingia yakiwa yametumika Japani, kama vile Nissan Leaf iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010.

Tatizo mojawapo linaloweza kumkwamisha dereva ni gari kuwaka taa, redio ikalia, lakini likakataa kuingia gia. Katika barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu yenye urefu wa takribani kilomita 260, kukwama kati ya Nduta na Mvugwe kunaweza kumaanisha saa nyingi za kusubiri na gharama kubwa ya kulibeba gari. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni kidogo, na dereva anaweza kukitambua mwenyewe.

Gia ya gari la umeme ni ipi?

Magari mengi ya umeme hayana klachi wala giaboksi yenye gia nyingi. Mota huunganishwa na magurudumu kwa gia moja isiyobadilika, na gari hurudi nyuma kwa mota kuzunguka upande wa pili. Dereva anaposogeza kishikio kwenda D au R, hutuma ombi kwa kompyuta ya gari. Kompyuta hulikubali ombi hilo pale tu masharti ya usalama yanapotimia. Kwa hiyo, swali la kwanza la kujiuliza ni sharti gani halijatimia.

Mambo ya kukagua kwa mpangilio

Kwanza, hakikisha gari limewaka kikamilifu. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, taa na redio hufanya kazi lakini mota hubaki imezimwa. Kanyaga breki kwa nguvu, bonyeza kitufe, kisha subiri neno READY au picha ya gari lenye mishale itokee kwenye dashibodi.

Pili, angalia kama waya wa kuchajia umechomolewa. Gari haliruhusu safari likiwa bado limeunganishwa na umeme. Katika msimu wa mvua, kagua pia kama tope au maji yameingia kwenye tundu la kuchajia.

Tatu, pima betri ndogo ya volti 12. Gari linapozimwa, betri kubwa hutengwa na mfumo kwa ajili ya usalama, na betri ndogo ndiyo huamsha kompyuta na swichi za kuiunganisha tena. Ndiyo maana gari lenye chaji ya asilimia 80 linaweza kushindwa kuondoka. Dalili zake ni taa hafifu, sauti ya kugongagonga na alama nyingi za tahadhari kuwaka kwa pamoja. Mafundi wa sola waliopo Kibondo na Kasulu wanavyo vipimo vya volti vinavyofaa kwa kazi hii. Ikiwa gari limezimwa na kipimo kinaonesha chini ya volti 12, betri hiyo imeishiwa chaji au imechakaa.

Betri hiyo inaweza kuamshwa kwa nyaya kutoka betri nyingine ya volti 12, kwa kufuata kitabu cha gari husika. Umeme wa lori usitumike, kwani malori mengi hutumia volti 24 zinazoweza kuunguza kompyuta. Vilevile, gari la umeme lisitumike kuamsha gari jingine.

Nne, mwombe mtu atazame taa za nyuma wakati unakanyaga breki. Zisipowaka, huenda fyuzi au swichi ya breki ina hitilafu, hivyo kompyuta haitambui kuwa breki imekanyagwa.

Mwisho, zima gari, fungua mlango, subiri dakika chache kisha uwashe upya. Kompyuta iliyokwama huweza kurejea katika hali ya kawaida.

Mambo ya kuepuka

Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme wa mamia ya volti unaoweza kuua. Zisiguswe wala kukatwa na mtu asiye na mafunzo na vifaa vya kazi hiyo.

Gari lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka, kwani mota inaweza kuzalisha umeme na kuharibu mfumo. Libebwe juu ya lori. Kwenye miteremko ya nyanda hizo za juu, vuta breki ya mkono na weka vizuizi kwenye matairi kabla ya kujaribu kutoa gia ya P, kisha weka pembetatu za tahadhari barabarani.

Ikiwa kuna moshi, harufu ya kuungua au betri kubwa imegongwa, abiria wote washuke na kukaa mbali. Piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kabla ya kununua

Mnunuzi wa gari lililotumika anashauriwa kupima betri ndogo pamoja na ile kubwa, kujaribu gia zote na kuulizia kitabu cha maelekezo katika lugha anayoielewa, kwa kuwa magari mengi kutoka Japani huja na maandishi ya Kijapani. Tatizo likiendelea baada ya ukaguzi huu, mwandikie au mpigie picha fundi alama zote zilizowaka kwenye dashibodi kabla ya kuzima gari. Alama hizo zitamwonesha pa kuanzia na kupunguza gharama ya kubadilisha vifaa ambavyo bado ni vizima.