Utafiti wa Historia Maktabani na Funzo Lake kwa Mwalimu

Mara nyingi somo la historia hufundishwa kana kwamba ni orodha ya majina na miaka tu. Katika makala haya tutaeleza jinsi wanahistoria wanavyosaidiwa kuzifikia hati za kale, kisha tutaona jinsi njia yao iwezavyo kumfaa mwalimu wa shule ya msingi.

Mfano wetu ni Maktaba ya Newberry, mjini Chicago, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1887 kwa mali iliyoachwa kwa wosia na mfanyabiashara Walter L. Newberry, aliyefariki mwaka 1868. Maktaba hii hujitegemea: si mali ya serikali, wala si tawi la chuo kikuu. Vitabu na hati zake haviazimwi. Husomwa humo humo. Basi msomi akaaye mbali hana budi kusafiri, kupanga chumba na kuacha kazi yake kwa muda. Pasipo msaada, utafiti huo ungebaki kwa wenye fedha na wakaao karibu.

Ndiyo maana maktaba hutoa ufadhili, wa muda mfupi na wa miezi kadhaa. Mwombaji hutakiwa kueleza swali lake, hati atakazozisoma, na sababu ya kuzihitaji hizo hasa.

Tuangalie mkusanyo ambao Edward E. Ayer aliikabidhi maktaba hiyo mwaka 1911, unaohusu wenyeji wa asili wa Amerika. Nyingi katika hati zake ziliandikwa na wageni. Kwa hiyo mtafiti makini haulizi tu hati yasema nini. Huuliza pia ni nani aliyeiandika, lini, kwa ajili ya nani, na ni nani ambaye sauti yake haikuandikwa.

Maswali hayo hayahitaji maktaba kubwa. Mwalimu wa Darasa la Tano aweza kuanza na swali moja: shule yetu ilianzaje? Wanafunzi wasome madaftari ya zamani ya shule, wawahoji wazee wawili au watatu, kisha walinganishe majibu. Yakipingana, mwalimu asiharakishe kutoa hukumu. Awaulize wanafunzi kwa nini yanatofautiana, na ushahidi upi una nguvu zaidi.

Mtoto aliyezoezwa hivyo hatakubali ovyo kila asimuliwalo juu ya watu wake, wala juu ya watu wengine. Twawahimiza walimu wanafunzi walijaribu zoezi hili katika mazoezi yao ya kufundisha.