Bomba la Boila Hupasukia Upande Gani?

Viwanda vingi vya Thika na Ruiru huendeshwa kwa mvuke. Bidco husafishia mafuta ya kula, Del Monte hupikia mananasi ya makopo, Brookside hupashia maziwa. Mvuke wa presha ya ba 10 una joto la nyuzi 184 hivi za Selsiasi, ambalo chuma cha boila hulivumilia bila taabu.

Hatari huanza chuma chenyewe kinapokaribia nyuzi 400. Maji yenye chumvi huacha magamba ndani ya bomba. Magamba hulizuia joto la moto lisifike majini, nalo hulundikana kwenye chuma. Hapo mzigo uleule ambao bomba lingeubeba miaka nenda miaka rudi huanza kulitanua polepole, bila kuongezwa chochote. Wahandisi husema metali inatambaa.

Bomba lenye maji ndani na moto nje hukazwa na presha kwa njia mbili: kuzunguka mduara wake na kwa urefu wake. Ukuta ukiwa mwembamba, mkazo wa mduara ni mara mbili ya ule wa urefu. Ndiyo maana bomba huchanika kwa urefu, kama soseji kikaangoni.

Lakini kabla ya kuchanika, chuma huwa kimeoza kwa ndani kwa muda. Chuma ni chembe ndogo zilizoshikana. Kinapotambaa, vitundu huota kwenye mipaka ya chembe, hasa ile iliyokaa mkingamo na mvuto mkubwa, kisha huungana kuwa nyufa. Mipaka iliyo sambamba na mvuto huo huumia kidogo tu. Uharibifu, basi, una upande.

Mwaka 1958 Mrusi L. M. Kachanov aliueleza uharibifu kwa namba moja, inayoshuka kutoka 1 metali ikiwa nzima hadi 0 inapokatika. Namba hiyo hufaa mvuto usipogeuka. Ukigeuka, haielezi ni mipaka ipi imeshaumia, kwa hiyo nadharia za baadaye ziliupa uharibifu kipimo chenye mwelekeo. Watengenezaji wa injini za ndege nao hugandisha mapanga ya tabo ili mipaka ya chembe ifuate urefu wa panga, ambako ndiko linakovutwa, au wasibakize mpaka wowote.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 hutaka boila ikaguliwe. Unene wa ukuta peke yake hautoshi: upimwe pia upana wa bomba, maana kutambaa hulivimbisha. Na mawimbi ya sauti ya kutafutia nyufa yapigwe kuzunguka bomba. Yakielekezwa kwa urefu, huambaa na ufa bila kurudisha mwangwi, na ripoti itaandika kwamba bomba ni zima.