NYUMBA YA MSAFIRI, KUTOKA UINGEREZA HADI NYERI

Ukishuka stendi ya Migori usiku na magari ya Isebania yameisha, hutakosa pa kulala. Vibao vya lojing'i viko kila upande: kitanda, neti, ndoo ya maji moto asubuhi, basi. Hakuna anayejali historia ya lojing'i. Lakini kule mashambani Uingereza, nyumba za aina hiyohiyo zilizojengwa kando ya barabara miaka mia tano na zaidi iliyopita hutunzwa kama mboni ya jicho, na watu hulipa pesa nyingi walale humo. Kwa nini?

Zamani, kabla ya garimoshi, Mwingereza alisafiri kwa farasi. Farasi ni kiumbe, huchoka. Kwa hivyo njiani palihitajika nyumba yenye zizi, nyasi, chakula, pombe na kitanda. Na usidhani kitanda kilikuwa chako peke yako! Ungeweza kulazwa na mtu usiyemjua, akukoromee hadi alfajiri. Mnamo 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru wauza pombe waweke vibao nje. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, vibao vilichorwa picha. Ndiyo maana hadi leo kuna nyumba nyingi zenye jina la Kulungu Mweupe, kwani mnyama huyo alikuwa alama ya mfalme. Katika mji mdogo wa Rye iko Mermaid Inn, yaani Nguva, iliyojengwa upya mwaka wa 1420. Reli ilipoenea katika karne ya 19, wasafiri waliihama barabara na nyumba nyingi zikafungwa. Zilizobaki zikageuka kumbukumbu.

Waingereza walipohamia Kenya walikuja na hamu ya nyumba hizo. Mwaka jana, nikiwa na maskauti wenzangu, nilifika Nyeri, tukaonyeshwa hoteli ya Outspan. Ilifunguliwa 1928 na Eric Sherbrooke Walker pamoja na mkewe, Lady Bettie. Bwana huyu aliwahi kuingiza pombe Marekani kwa magendo wakati ilipopigwa marufuku huko, kisha akaandika kitabu kuhusu mambo hayo. (Sisi wa karibu na mpaka hatushangai sana.) Neno Outspan latoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini: ni mahali pa kuwafungua ng'ombe wa mkokoteni wapumzike. Kumbe ni lojing'i tu, jamani! Tofauti ni bustani, meko ya kuotea moto, na Mlima Kenya mbele yako mawingu yakiondoka.

Ndani ya uwanja huo kuna nyumba ndogo, Paxtu, aliyojengewa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka wa 1938. Nyumba yake Uingereza iliitwa Pax Hill, hivyo hii ikawa ya pili. Alifariki humo Januari 1941. Kaburini pake, mjini Nyeri, pamechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya maskauti yenye maana kwamba nimekwenda nyumbani. Tulisimama pale kimya, hata wale wasumbufu.

Mwaka wa 1932 Walker alijenga pia Treetops, juu ya mti wa mugumo. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala huko usiku ule ule babake alipofariki Uingereza, akaamka malkia bila kujua. Mei 1954 Mau Mau waliichoma. Ilijengwa upya 1957.

Niliporudi nilikwenda Ndhiwa kumsimulia babu. Babu ni mzaliwa wa 1938. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane alifanya kazi katika hoteli moja ya Wazungu huko nyanda za juu. Kiswahili chake alikipata jikoni, ndiyo sababu hunichekesha. Aliniambia kazi yake ilianza saa kumi alfajiri: kuchanja kuni, kuchemsha maji ya kuoga kwenye pipa, kupeleka chai vyumbani wageni wakiwa bado kitandani. Siku hizo hoteli nyingi za huko hazikumpokea Mwafrika kama mgeni, hata awe na pesa. Wenyeji wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alipewa jembe kabla ya siku ya kwanza!

Nilimwuliza, "Babu, hukuwahi kulala kwenye vitanda hivyo?"

"Mjukuu wangu, nimetandika vitanda miaka sita. Kulala, hata usiku moja, hapana."

Katika Paxtu niliona skafu na beji za maskauti kutoka nchi nyingi. Jina la aliyechemsha maji sikuliona.

"Na nyinyi mlilala pale?" babu akauliza.

"La, babu. Tulilala darasani, shule ya karibu, juu ya magodoro."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akainuka polepole, akaniita chumbani kwake, akavuta shuka, akaikunja pembe mara mbili na kuisukuma chini ya godoro, ikanyooka kama karatasi.

"Hivyo," akasema. "Sasa fungua, ufanye wewe."