Texas na Minnesota: mtoto yupi ana nafuu?



Mwezi uliopita mama mmoja, jirani yangu, alinifuata baada ya vipindi, simu mkononi. Ana watoto wawili Marekani. Mkubwa yuko Houston, jimbo la Texas. Mdogo yuko Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mdogo hutuma dola 100 karibu kila mwezi, mkubwa hutuma mara moja moja tu. Mama akaniambia: "Mwalimu, huyu wa Texas amenisahau. Nasikia kule mshahara haukatwi kodi, sasa pesa anapeleka wapi?"

Basi tukakaa chini, tukachukua kalamu na daftari.

Ni kweli Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara. Minnesota inayo, inaanzia asilimia 5.35. Lakini kodi ya serikali kuu iko kote kule, na kila mfanyakazi anakatwa pia asilimia 7.65 ya pensheni na matibabu ya uzeeni.

Sasa tazama mshahara wenyewe. Kima cha chini Texas ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu mwaka 2009. Minnesota mwaka 2025 kilikuwa dola 11.13. Mtu akifanya saa 40 kwa wiki, Texas anapata dola 290, Minnesota dola 445, kabla ya makato. Kweli, waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, hata Texas. Lakini mgeni ambaye Kiingereza bado kinamsumbua mara nyingi huanzia chini.

Usafiri nao. Houston ni mji mpana sana, na asiye na gari anapata taabu kufika kazini. Gari linataka mafuta, bima na fundi. Minneapolis kuna mabasi na treni za mjini, ingawa anayefanya kazi nje ya mji na yeye atahitaji gari.

Kwa shule, Minnesota tangu mwaka 2023 ina sheria ya kuwapa wanafunzi wote chai ya asubuhi na chakula cha mchana bure, katika shule za serikali. Kwa matibabu, Texas ndilo jimbo lenye asilimia kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima. Huko ugonjwa mmoja unaweza kuleta deni la miaka.

Je, Minnesota ni peponi? Hapana. Usiku wa Januari baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Koti na viatu vya theluji si hiari, ila angalau nguo hazitozwi kodi dukani. Texas tatizo ni joto, na bili ya umeme wa kupoza nyumba. Hata baridi iliwahi kuwaumiza: Februari 2021 umeme ulikatika kwa mamilioni ya watu, na zaidi ya 200 walikufa.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akampigia mkubwa. Safari hii hakuomba pesa. Aliuliza: "Mwanangu, unalipa nini kwa mwezi?" Kijana akataja pango, gari, bima, na deni la hospitali ambalo alikuwa anaona aibu kulisema. Mama akalia. Na mimi nilitazama pembeni.

Wazazi, tusipime upendo wa mtoto kwa dola. Tukipiga simu, tuulize kwanza: unalipwa kiasi gani kwa saa, pango ni ngapi, una bima? Tukumbuke pia kwamba sheria ya Julai 2025 ilipunguza misaada ya chakula na matibabu kwa wakimbizi walioko kule, katika majimbo yote.

Na sisi tunaosubiri, tusidanganyane. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na kwa mwaka wa fedha 2026 Marekani ilipanga nafasi 7,500 tu kwa dunia nzima, nyingi zikiwa za Waafrikana wa Afrika Kusini. Usiuze vyombo vyako kwa sababu ya uvumi, wala usimpe mtu pesa akuchagulie jimbo. Watoto waende shule. Hesabu tuliyofanya mimi na mama yule ilikuwa ya darasa la tano tu, lakini ilimrudishia mtoto wake.

Mwalimu wa kujitolea