Mzazi, usiuze mahindi Julai kumlipa kishoka wa chuo

Na Mwandishi Wetu, Mchumi Kilimo

KILA ifikapo Julai, mambo mawili hugongana katika nyumba nyingi za wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yanatoka shambani, na matokeo ya kidato cha sita yanatoka Baraza la Mitihani la Taifa (NECTA). Bei ya mahindi wakati huo iko chini kwa sababu kila mtu anavuna. Haraka ya kutafuta chuo iko juu kwa sababu kila mtu anatafuta. Hapo ndipo mzazi anapouza kwa hasara ili anunue kitu asichokijua.

Mwaka 2018 yalimkuta mjomba wangu, mkulima wa mahindi na viazi mkoani Njombe. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Alipata B moja na C mbili. Nyumba nzima ilishangilia. Binti alitaka shahada inayounganisha biashara na usimamizi wa habari kwa kompyuta, na kwa matokeo yale hakuna aliyeona kikwazo.

Akajitokeza kijana mmoja pale mjini, akasema ana watu wake chuoni na kwamba nafasi itapatikana. Mjomba akauza magunia kumi kwa bei ya mavuno, akampa fedha. Majina yalipotoka, la binti halikuwamo. Tulipofuatilia, tukakuta mambo mawili. Kwanza, kijana yule alikuwa amejaza chuo kimoja tu na kozi moja tu. Pili, kozi hiyo ilidai ufaulu wa hisabati, na binti alikuwa na F ya hisabati kidato cha nne na F nyingine ya hisabati ya ziada (BAM) kidato cha sita. Hakuna mtu chuoni ambaye angeweza kuifuta F hiyo, hata kama kijana yule angekuwa kweli na watu wake.

Ndugu msomaji, kisa hiki ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Nimezoea kuwashauri wakulima kuhusu mbegu, mbolea na masoko. Lakini ada ya chuo ni uwekezaji mkubwa kuliko pembejeo za misimu kadhaa, nao una kanuni zake kama uwekezaji mwingine wowote.

Kozi yenyewe ni ipi?

Majina hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Chuo Kikuu Mzumbe kina shahada ya teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na biashara, na nyingine pamoja na uongozi. Kozi za jamii hiyo au zinazokaribiana nayo zipo pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kina shahada ya usimamizi wa habari na kumbukumbu, na nyingine ya uchumi kilimo na biashara ya kilimo.

Kwa ufupi, katika kozi za biashara na teknolojia ya habari mwanafunzi husoma uhasibu, masoko na takwimu upande mmoja, na kanzidata, programu na mifumo ya kompyuta upande wa pili. Anayehitimu anatarajiwa kuweza kusoma vitabu vya hesabu vya biashara na pia kutengeneza mfumo wa kuvitunza.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, elimu hii haiko mbali. Mashine za risiti za kielektroniki (EFD) zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Katika msimu wa 2022/23 wakulima waliandikishwa kwenye daftari la kidijitali ili wapate mbolea ya ruzuku. Mwaka 2024 korosho zilianza kuuzwa kwa mnada wa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kila hatua hiyo inahitaji mtu anayejua mzigo na anayejua kompyuta. Chama cha ushirika kinachotunza kilo za wanachama kwenye daftari la shule kinamhitaji mtu huyo zaidi kuliko benki ya mjini. Ndiyo maana kozi hizi zinagombewa.

Sifa ya chini ni bei ya kuanzia

Kosa kubwa la wazazi wengi ni kudhani kwamba mtoto mwenye sifa ana nafasi. Sivyo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mhitimu wa kidato cha sita anahitaji angalau ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hiyo ni sawa na bei ya kuanzia mnadani. Inakuruhusu kunyoosha mkono, lakini haikupi mzigo.

Tuseme kozi ina nafasi 100 na wenye sifa walioomba ni 600. Wenye matokeo mazuri zaidi huchukuliwa kwanza, na nafasi zikijaa, mia tano waliobaki hukosa ingawa wote wana sifa. Kwa hiyo swali la kuuliza si moja bali ni mawili: Je, mtoto anaruhusiwa kuomba? Na je, akishindanishwa na wenzake ana nguvu?

Majibu hayauzwi na kishoka. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili, mmoja kwa wahitimu wa kidato cha sita na mwingine kwa wenye sifa linganishi kama stashahada. Ndani yake kila kozi imeorodheshwa: masomo yanayotakiwa, pointi za chini za chuo husika, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Mfungulie mwanao mwongozo huo kwenye steshenari yoyote yenye intaneti, mchape kurasa zinazowahusu, kisha mkae nao nyumbani jioni moja kabla ya kutoa hata senti.

Someni mpaka mwisho wa mstari. Kwa kozi nyingi za biashara na teknolojia ya habari, masharti hayaishii kwenye masomo mawili makuu. Hufuatwa na sharti la hisabati: kama mwombaji hakusoma hisabati kama somo kuu, basi awe na ufaulu wa BAM au angalau D ya hisabati kidato cha nne. Mstari huo mfupi ndio uliomkwamisha binti wa mjomba, ambaye masomo yake mawili bora yalikuwa na pointi 7.

Shamba huandaliwa kiangazi

Mkulima hasubiri mvua ndipo atafute jembe. Mzazi mwenye mtoto kidato cha pili au cha tatu anayependa kompyuta na biashara aanze na hisabati leo. Miaka nenda, miaka rudi, hilo ndilo somo linaloangusha wengi kidato cha nne. Fedha ya masomo ya ziada ya hisabati wakati huo ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kurudi nyuma baadaye.

Wakati wa kuchagua mchepuo wa kidato cha tano, tazameni tena mwongozo. EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) zina hisabati ndani yake. ECA inafungua milango ya biashara, lakini anayeichukua asiidharau BAM kwa kuwa ni somo la ziada.

Mtoto ambaye hakwenda kidato cha tano naye asikate tamaa. Anaweza kusoma stashahada ya biashara au teknolojia ya habari katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET, kisha akaomba shahada. Kwa njia hii TCU hutaka ufaulu wa angalau masomo manne kidato cha nne na wastani wa GPA 3.0 au zaidi, pamoja na masharti ya kozi yenyewe. Mwombaji huyu pia huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET, na ni vyema aitafute mapema kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Jaza mwenyewe, tumia simu yako

Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji huomba moja kwa moja kwenye vyuo anavyovitaka, kila kimoja na ada yake ya maombi. Utaratibu huu una faida, kwa sababu mtoto anaweza kutega mitego kadhaa. Ushauri wangu ni kugawa maombi kama unavyogawa mbegu: chuo na kozi anayoitamani hata kama ushindani ni mkali, nyingine ambako pointi zake ziko katikati ya wenzake, na nyingine ambako ana uhakika zaidi. Kuweka yote kwenye kozi moja ni kupanda ekari zote kwa mbegu moja bila kujua mvua.

Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja tu. Kwa kufanya hivyo hutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoandika wakati wa kuomba. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kishoka akiandika namba yake ya simu, ujumbe unakwenda kwake, na mzazi anaanza kununua upya nafasi ambayo ni ya mtoto wake. TCU yenyewe imekuwa ikiwaonya waombaji wajihadhari na mawakala. Ada ya maombi ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo, si mkononi mwa mtu.

Aliyekosa awamu ya kwanza asilie na kulala. Kwa kawaida hufuata awamu nyingine kwa kozi ambazo bado zina nafasi. Asome tangazo, abadilishe chaguo, aombe tena.

Aidha, nyaraka zikaguliwe mapema. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la vyeti vya shule, herufi kwa herufi. Anayetaka mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa Zanzibar mamlaka ya usajili ya huko. Kazi hiyo ifanyike kabla ya Julai, kwani dirisha la mkopo likifungwa halimsubiri mtu aliyeko kwenye foleni.

Usiuze yote kwa mara moja

Sasa tuje kwenye hesabu. Mkopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na si kila anayedahiliwa hupata, wala si kila anayepata hupewa asilimia mia. Nao si zawadi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Kwa hiyo mzazi apange kana kwamba mkopo hautatosha.

Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na vingi hukubali ada kulipwa kwa awamu. Muhula wa pili huanza miezi kadhaa baadaye, wakati ambao mara nyingi mahindi huwa yamepanda bei. Chukua mfano wa mkulima mwenye magunia 40. Tuseme bei ya Julai ni Sh50,000. Akiuza yote anapata Sh2,000,000. Akiuza 20 Julai anapata Sh1,000,000 kwa maombi, nauli na awamu ya kwanza. Yale 20 akiyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili kuzuia dumuzi, kwa gharama ya Sh5,000 kwa gunia, na Januari bei ikawa Sh75,000, anapata Sh1,400,000 baada ya kutoa gharama. Jumla ni Sh2,400,000. Hiyo laki nne ya ziada ni chakula na chumba cha mwanafunzi kwa muda.

Bei ikigoma kupanda, hasara yake ni hiyo Sh100,000 ya uhifadhi, na mahindi bado yapo. Lakini mahindi aliyokwisha kumpa kishoka hayarudi.

Kwa upande wa binti wa mjomba, mambo hayakuishia pabaya, ila yalichelewa. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka, hivyo alijiandikisha mapema 2019, akasoma hisabati nyumbani huku akipalilia viazi, akafanya mtihani Novemba. Matokeo yalipotoka Januari 2020 alikuwa na C. Mwaka huo alijaza maombi mwenyewe, vyuo vitatu, kwa simu ya baba yake. Viwili vilimchukua. Alihitimu 2023, na sasa anatunza hesabu na kumbukumbu za mizigo katika ghala la nafaka.

Mjomba hujumlisha hasara yake hivi: magunia kumi na miaka miwili. Magunia, anasema, alishayavuna tena. Miaka miwili ya mtoto hajaona inakovunwa.

Shime wazazi. Mwongozo wa TCU usomwe kabla ya mavuno, na hisabati isomwe kabla ya mwongozo.