Profesa Masanja na Kazi ya Vyama

Mwaka 1986, mjini Berlin, Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati. Alibobea katika mwendo wa vimiminika.

Angeweza kutosheka na kufundisha chuo kikuu. Lakini alijitwika pia kazi za vyama: alikuwa makamu wa rais wa Umoja wa Wanahisabati Afrika kwa kanda ya mashariki, tena akahimiza wasichana walipende somo hili. Ni kazi ya barua, vikao na ratiba, na wanaoishukuru ni wachache mno.

Walimu wa Shelui, hapo chini ya mlima Sekenke, igeni mfano wake: msingoje kuitwa mkutanoni Dar es Salaam. Anzisheni klabu ya hisabati shuleni, wasichana wakiwamo kwenye uongozi.