Ushuru uliokaribia kuleta vita: mafundisho ya South Carolina

Leo tunaongea juu ya ugomvi uliotokea zamani Marekani, kati ya jimbo moja na serikali kuu. Chanzo chake kilikuwa ushuru wa forodha, ule tuliozoea kuuita duane.

Katiba ya Marekani iliipa Bunge la nchi nzima uwezo wa kutoza ushuru wa bidhaa zitokazo ng'ambo. Mwaka 1828 Bunge hilo liliupandisha sana. Wengi wa kaskazini wenye viwanda walifurahi, maana vitambaa na vyuma vya Uingereza vilikuwa ghali, na vyao vikapata wanunuzi. Lakini South Carolina, jimbo la kusini, liliishi kwa kuuza pamba, nyingi ikienda Uingereza. Wakubwa wake wakasema: "Sisi tunanunua kwa bei kali, na Waingereza wasipotuuzia, watapata wapi fedha za kununua pamba yetu?" Mwaka 1832 ushuru ulipunguzwa kidogo, lakini hawakuridhika.

Tarehe 24 Novemba 1832, mkutano wa wajumbe wa jimbo ulitangaza kwamba sheria hizo za ushuru hazina nguvu kwao, na kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 1833 ushuru huo hautatozwa jimboni. Serikali kuu ikitumia nguvu, watajitenga. Tarehe 10 Desemba Raisi Andrew Jackson alijibu kwamba hakuna jimbo lenye haki ya kufuta sheria ya nchi, na kwamba kujitenga kwa silaha ni uhaini. Jimbo likaandikisha askari wa kujitolea. Raisi naye akaimarisha ngome za bandari ya Charleston.

Vita vilizuiwa namna gani? Angalieni mambo matatu.

Kwanza, walijipa muda. Januari 1833 viongozi wa jimbo walikubali kuahirisha ile siku waliyoipanga.

Pili, jirani aliingia kati. Jimbo la Virginia lilimtuma Benjamin Watkins Leigh awaombe wakutane tena na kulifikiri upya neno lao.

Tatu, kila upande ulipata njia ya kurudi nyuma bila aibu. Tarehe 2 Machi 1833 Raisi alitia sahihi sheria mbili kwa siku moja. Moja ilimruhusu kutumia jeshi ili ushuru ukusanywe. Ya pili, iliyotengenezwa na Henry Clay kwa kuelewana na John Calhoun wa South Carolina, ilipunguza ushuru polepole mpaka asilimia 20 mwaka 1842. Tarehe 15 Machi wajumbe wa jimbo walifuta tangazo lao la kuukataa ushuru. Vita havikutokea.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwaka 1830 zaidi ya nusu ya watu wa South Carolina walikuwa watumwa, nao ndio waliolima pamba ile. Mabwana wao waliogopa kwamba serikali yenye nguvu juu ya ushuru, kesho itagusa utumwa. Hofu hiyo ilifichwa chini ya maneno ya ushuru, na watumwa hawakuitwa kikaoni. Kidonda kilifunikwa bila kuoshwa. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ilipigwa palepale Charleston, juu ya ngome ya Fort Sumter. Vita vilidumu miaka minne, na askari zaidi ya 600,000 walikufa.

Basi, ninyi wakuu, mnapoamua neno la kodi ya soko, la bariera au la shamba, jiulizeni: Tumejipa muda? Jirani gani anaaminiwa na pande zote? Yule anayeshindwa atarudi nyumbani na heshima gani? Tena, ni nani anayebeba mzigo huu na hakuitwa?

Nanyi mliohama, ombeni nafasi pale neno la mashamba yenu linapozungumzwa. Mapatano yaliyofanywa bila ninyi yanaweza kuzuia vita vya mwaka huu, yakawaachia watoto wenu vita vingine.

Amani iwe kwenu nyote.